Shemeji anachaji simu za watu kwa betri yangu, imekufa naambiwa jua ni la Mungu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Tunalima alizeti na mtama, na nina kikoba na akina mama wenzangu. Nyumba yetu iko gizani tangu Agosti, na giza lenyewe limeleta ugomvi ambao sijui niutokeje.

Mwaka 2022 kikoba kilipovunjwa nilichukua fungu langu lote, nikauza na mbuzi wawili, nikanunua sola: paneli ya wati 200, betri N100 (ya ampea-saa 100), kontrola ya kuilinda betri, inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi, na taa tano. Mume wangu hakunikataza, ila alisema mapema kwamba yeye hatoi kitu kwa sababu nguzo za REA, ule mradi wa umeme vijijini, zinakuja. Tunaishi boma moja na wakwe zangu, na mdogo wake mume wangu ana nyumba yake hapo hapo.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mzee akawekewa taa barazani, mama mkwe akapata taa jikoni, watoto wa jirani wakawa wanakuja kusoma kwangu. Shemeji naye akavuta waya mpaka kwake. Ilianza taa moja, ikaja sabufa, mwishowe akafungua kibanda kando ya barabara, anachaji simu na kunyoa nywele. Simu moja shilingi 300. Siku ya mnada meza inajaa simu mpaka anaziandikia namba. Nilinyamaza kwa sababu ni shemeji yangu, na kwa sababu mume wangu alinyamaza.

Mwaka huu taa zikaanza kufifia saa tatu usiku, baadaye saa mbili, na Agosti betri ikafa kabisa. Fundi amesema haifufuki, mpya ni shilingi 380,000. Nikasema basi tuchange. Shemeji akacheka mbele ya watu: "Shemeji, jua tunamlipa nani?" Mume wangu akaongeza kwamba ndugu hatozwi mwanga, jua ni la Mungu, na tena nguzo zimeshafika shuleni, tusubiri. Mama mkwe yeye anasema amezeeka na koroboi na macho anayo.

Kweli nguzo zimefika shuleni. Lakini mkandarasi aliondoka na gari lake na hajaonekana tena, na hakuna anayejua kama atafika upande wetu.

Sasa hivi tunachaji simu dukani, 300 kila moja. Boma letu lina simu tano, na kila baada ya siku moja lazima ziende. Tochi ni nne. Binti yangu yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na anasomea tochi ya simu ambayo nayo inakufa.

Amepita wakala wa kampuni moja ya sola za mkopo. Kifaa kina taa nne, redio na TV ndogo. Unatanguliza 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa miaka miwili, usipolipa kinajifunga chenyewe. Alhamisi anarudi na fomu, anataka namba yangu ya NIDA. Nawaza nikichukue kwa jina langu, nikifunge chumbani kwangu na kwa watoto, na waya wa shemeji niukate. Mwenzangu mmoja wa kikoba ananiambia heri nikakope kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, ninunue betri, niwafunge midomo.

Shangazi, nina kosa kuwadai wachange? Nichukue kifaa cha wakala, au nisubiri nguzo kama anavyosema mume wangu?

Mama Gizani, Iramba

Marahaba mwanangu,

Kosa huna. Lakini Novemba haisubiri vikao vya ukoo, kwa hiyo tuanze na binti. Kesho au keshokutwa mtafutie taa ndogo ya sola ya kusomea, zile zenye paneli yake ya kuanika juani mchana. Kwa elfu ishirini na kitu utapata nzuri yenye dhamana. Iwe ya kwake mpaka amalize mtihani, isitoke nje kwa ajili ya mtu kumulikia ng'ombe. Hilo likiisha, mengine tuyaangalie bila haraka.

Chukua daftari. Simu tano, kila moja inachajiwa mara 15 kwa mwezi, shilingi 300 kila mara: hiyo ni 22,500. Betri za tochi nne tuzikadirie 4,000. Boma lenu linatoa 26,500 kila mwezi, na bado mko gizani. Sasa igawe ile 380,000. Betri ya risasi ya ukubwa huo ikitunzwa inaweza kukaa miaka mitatu hivi, kwa hiyo ni kama 10,600 kwa mwezi. Watu wanaokwambia mwanga haulipiwi wanaulipia mara mbili na nusu ya bei yake, tena hawaupati.

Kwa nini hawaoni? Kwa sababu 26,500 inatoka kwa sarafu, kila mtu mfukoni mwake, na anayeipokea ni mwenye duka, ambaye hakuna anayemwonea aibu wala kinyongo. Ile 380,000 inatakiwa kwa mkupuo, na anayeitaka ni mkamwana. Juu ya hayo, ni malipo ya kitu ambacho wamekitumia miaka mitatu bila kuulizwa hata shilingi. Ningekuwa mimi mama mkwe wako ningesema hivyo hivyo kuhusu koroboi. Barua za namna hii zinanijia nyingi, za sola, za pampu, hata za jiko la gesi, na nimeona kwamba watu hawakatai kulipia nishati. Wanakataa kulipa fedha nyingi siku moja, na wanakataa kulipa kwa ndugu.

Kuhusu jua la Mungu, usibishane. Kubali. Maji nayo ni ya Mungu, na pale bomba la kijiji lilipo watu wanalipia ndoo ili pampu ikiharibika fundi apatikane. Hakuna anayesema wasimamizi wa bomba wanauza maji ya Mungu. Jua la bure linaishia kwenye kioo cha paneli. Kuanzia kwenye waya kwenda chini ni vitu vya dukani, na vinachakaa. Paneli yako ina miaka 20 au 25 ya kufanya kazi ukiifuta vumbi, na vumbi la Singida wakati wa kiangazi unalijua. Betri haina umri huo hata ikibembelezwa. Nina hakika aliyekuuzia hakukwambia, maana wauzaji wengi hutaja umri wa paneli na betri wakairuka.

Sasa shemeji yako. Betri N100 ya volti 12 inabeba kama wati-saa 1,200, na ya risasi haitakiwi kunywewa chini ya nusu kila siku. Una 600 za kutumia kwa usalama. Taa tano za wati 5, zikiwaka kwa muda wa saa tano, zinachukua 125. Simu za boma, 40 hivi. Hayo ndiyo matumizi yenu wote pamoja na wazee. Njoo upande wa pili: sabufa ya wati 40 kwa saa nne ni 160, simu kumi za wateja ni 150, mashine ya kunyolea 30, na inveta yenyewe ikiachwa imewaka kutwa inakula kama 100 bila kufanya lolote. Jumla yake inapita 400. Yaani robo tatu ya umeme ilikwenda kwake. Siku za jua kali paneli ya wati 200 inazalisha 700 au zaidi na mambo yanakwenda. Desemba mpaka Machi, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, betri ililala tupu, ikaamkia tupu, na betri ya risasi ikizoeshwa hivyo hufa mapema.

Mwulize fundi kitu kimoja zaidi: inveta ilifungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri? Wengi hufunga hivyo. Kontrola inazikatia taa umeme betri ikishuka, lakini inveta haiko chini yake, inaendelea kunyonya mpaka volti 10.5 ndipo ilie na kuzima. Kufika hapo betri imeshaumia. Kama ndivyo ilivyokuwa, taa zako zilikuwa zinazimwa ili sabufa iendelee.

Upande wa fedha ndio unaonikera. Tuseme anachaji simu kumi tu kwa siku, tuache siku za mnada, tuache na vichwa anavyonyoa. Ni 3,000 kwa siku, 78,000 kwa siku 26 za kazi. Kwa miezi mitano angeinunua betri nzima na chenji ikabaki. Mtu anayewatoza wanakijiji 300 kwa kuchaji simu anajua vizuri kabisa kwamba umeme wa jua una bei. Hebu acha nisiendelee, maana nitasema maneno yatakayokugombanisha zaidi.

Hata hivyo usimwite mwizi. Waya ulivutwa mchana kweupe, kila mtu anaona, na wewe mwenyewe hukusema neno. Yeye alihesabu amepewa. Kinachotakiwa sasa ni masharti mapya, na masharti hayo yasitoke kinywani mwako kwanza. Kaa na mumeo peke yenu, watoto wakishalala, na daftari lako. Usianze na mdogo wake. Anza na ile 26,500, mwache aihakiki mwenyewe, aone hela ya alizeti inapoishia. Nadhani kinachomsumbua mumeo hakiko kwenye sola. Yeye ndiye mkubwa, kumdai mdogo wake mbele ya baba yao kunamtia aibu, na mwanga uliopo nyumbani umeletwa na mkewe. Kusema tusubiri nguzo kunamwokoa kote kuwili. Mpe nafasi ya kuwa yeye ndiye aliyeleta suluhisho, akazungumze na mzee, mzee aite watu. Ukisikia hesabu yako inasemwa kwa sauti yake, nyamaza unywe chai.

Ninachoshauri kipelekwe kwenye kikao ni hiki. Wazee hawachangi, taa ya mzee na ya jikoni kwa mama zinabaki kama zilivyo. Nyumba yenu, wewe na mumeo, mnaweka 6,000 kila mwezi kwenye laini ya simu isiyotumika kwa mambo mengine, kwa ajili ya betri itakayofuata. Shemeji achague: ama anunue paneli na betri yake ya biashara, ajitegemee, ama alipe 1,500 kila siku anayofungua kibanda, inayoingia kwenye laini hiyo hiyo. Hiyo ni nusu ya mapato ya chini kabisa tuliyomkadiria, haitamuua. Na sabufa izimwe saa mbili usiku, kwa heshima zote. Akikataa yote mawili, mumeo ndiye auondoe waya, si wewe na panga lako.

Fedha ya kuanzia itatoka wapi? Kikoba chenu bila shaka kinavunjwa Desemba kama vingi. Ukiamua kutoa humo, iandikwe kwamba ni mkopo wako kwa boma, na ile 1,500 ya shemeji, ambayo kwa siku 26 ni 39,000, ikurudishie kwanza. Miezi kumi umemaliza. Kausha damu usiende hata kuuliza bei. Marejesho yao ni ya kila wiki, wewe mapato yako ni ya Juni.

Na hapo ndipo tatizo la kifaa cha wakala lilipo. Nimekupigia hesabu: 1,500 mara siku 730, jumlisha kianzio, ni 1,155,000. Hizo ni betri tatu za bei uliyotajiwa na fundi, na chenji. Sitasema ni wizi. Vifaa hivyo huwa na betri ya lithiamu inayodumu kuliko ya risasi, na kampuni nzuri hukutengenezea kikiharibika ukiwa bado unalipa. Kwa mtu asiye na kitu kabisa na anayeuza maandazi kila asubuhi, akipata sarafu kila siku, mpango wa kila siku unamfaa. Wewe ni mkulima wa alizeti. Mei mpaka Julai una fedha, Januari na Februari ghala limekwisha na unanunua mpaka unga. Miezi hiyo ndiyo kifaa kitajifunga, na ndiyo miezi yenye giza la mvua. Tena paneli unayo, nyaya unazo, taa unazo. Ungevilipia vyote mara ya pili. Na kile kitendo cha kufungia mwanga chumbani wakati mama mkwe anapika gizani nje, mwanangu, kitakugharimu kuliko hiyo milioni.

Sasa nimtetee mumeo, maana barua yako imemchora kama mtu mvivu wa kutoa. Kuhusu nguzo hana ujinga wowote. Kuunganishiwa kijijini kupitia mradi wa REA ni shilingi 27,000. Uniti moja, yaani wati-saa 1,000, kwa mtumiaji mdogo ni shilingi 100, na ukiongeza kodi na tozo inafika 122, ilimradi usipite uniti 75 kwa mwezi. Matumizi yenu ya taa na simu niliyoyataja hayafiki hata uniti tano na nusu kwa mwezi. Weka na sabufa na kibanda cha shemeji, bado ni uniti 18, shilingi 2,200 hivi. Hakuna betri duniani itakayoshindana na hapo. Gharama iliyojificha ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba, ingawa kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili ulizia kifaa cha UMETA, kinachokuja na swichi na soketi zake tayari. Na wale wanaosema sola ni umeme wa mfano, wa TANESCO ndio wa kweli, waambie bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115 inayozungushwa na maji, maji ambayo nayo yalipandishwa angani na jua hilo hilo.

Lakini nguzo ya shuleni haiwashi taa kwako. Miradi hii hupewa urefu maalumu wa njia kwa kila kijiji, na nyumba nyingi zilizo pembeni hubaki kungoja awamu nyingine. Mumeo aende kwa mtendaji wa kijiji aulize kama boma lenu limo kwenye upimaji, kisha apige hodi ofisi ya TANESCO ya wilaya aulize hilo hilo. Atajiwe mwezi. Wakimwambia mtaunganishwa kabla ya mavuno yajayo, usinunue N100. Nunua betri ndogo ya kuwashia taa tu, hiyo 27,000 na ya nyaya wekeni pembeni. Wakimwambia mtataarifiwa, nunua betri Desemba bila kuangalia nyuma. Jibu hilo la pili nimeshuhudia likidumu muda mrefu.

Umeme ukija, paneli isiuzwe. Umeme wa gridi hukatika, na taa tatu za sola hazitajua kama umekatika. Ila asitokee mtu wa kuunganisha inveta kwenye nyaya za LUKU, yaani za umeme wa TANESCO, kwa akili yake mwenyewe. Umeme wa inveta unaweza kurudi kwenye njia na kumkuta fundi juu ya nguzo.

Siku ya kununua betri, nenda na mumeo, mdai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Betri ya risasi ya N100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ukimwona kijana wa duka anaibeba kwa vidole viwili, ondokeni. Ukikuta ya lithiamu ya bei mnayoiweza ni bora zaidi, maana unaweza kuitumia karibu asilimia 80 bila kuiumiza, lakini kwanza fundi athibitishe kwamba kontrola yenu inaikubali. Na safari hii awawekee kifaa cha kuikatia inveta umeme betri ikishuka.

Wakala akija Alhamisi, mkaribishe kama mgeni, mweleze paneli unayo. Mwulize kama kampuni yake inauza betri peke yake, na kama mtu anaweza kulipa kwa msimu wa mavuno. Fomu usijaze, namba ya NIDA usimpe, mpaka mumeo arudi kutoka TANESCO.

Shangazi